Njoo Unisemee

Kaka yangu Yordani hakusema nami kwa miaka tisa, na kosa lilikuwa langu. Naliandika hili mwanzoni ili msomaji asinitafutie udhuru mahali ambapo mimi mwenyewe nimeutafuta nikaukosa.

Tulimzika mama yetu kijijini kwetu Sindeni, wakati wa masika. Kwa desturi ya kwetu, siku ya kumaliza matanga mkubwa wa nyumba husimama akawashukuru watu. Huwataja waliochimba kaburi, walioleta unga na kuni, waliolala msibani, kisha huwapa ruhusa ya kutawanyika. Neno hilo ni lake peke yake. Yordani ndiye aliyekuwa mkubwa wetu. Alisimama kofia ikiwa mkononi, akaanza kwa Kiswahili kwa sababu walikuwapo wageni kutoka Korogwe na Tanga. Akakwama. Akaingia kwenye Kizigua, akarudi kwenye Kiswahili, akamtaja mtu mmoja mara mbili na mwingine akamsahau. Mimi nilikuwa nimekaa mbele, nimevaa koti. Nilimvumilia kwa muda ambao leo nauona ulikuwa mfupi sana. Nikainuka, nikamgusa bega, nikasema, "Kaa, kaka, nitamalizia."

Nikamalizia. Nilisema vizuri, kwa mpangilio, na wapo walionipigia makofi palepale msibani. Yordani alikaa. Hakuniambia kitu siku ile wala kesho yake, nami nikarudi Korogwe nikidhani nimemstiri.

Niseme pia nilikotoka, maana bila hilo mtu hatanielewa. Niliingia shamba la mkonge la Ngombezi nikiwa kijana nisiyeweza kuandika jina langu, Ernesti. Mchana nilikata mkonge, jioni nikaenda kisomoni na wenzangu wa kambini, mikono ikiwa bado inawasha kwa maji ya mkonge. Baada ya kisomo nikajiandikisha masomo ya posta, nikapanda kidato kimoja baada ya kingine hadi nikafaulu, nikatolewa kwenye kukata nikafanywa karani wa kiwanda. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Yordani alibaki Sindeni na jembe, akamtunza mama. Sikumdharau. Niliamini tu kwamba anayejua kusema humsaidia asiyejua, na kwamba msaada hauombewi ruhusa.

Nilimwandikia barua tatu. Binti yake wa mwisho, Grasiana, ndiye aliyemsomea, na ndiye aliyenieleza kwa simu yaliyotokea. Ya kwanza aliisikiliza mpaka mwisho, akachukua jembe akaenda shambani. Ya pili aliuliza kama kuna ukurasa mwingine. Ya tatu alimwambia aiweke bila kuifungua.

"Amesema maneno yako yote ameshayasikia, baba mdogo," Grasiana aliniambia, naye alikuwa anaona aibu.

"Mpe simu nizungumze naye."

"Hataki. Anasema mtu aliyenikalisha mbele ya watu hawezi kunisimamisha kwa simu."

Basi nikangoja. Nilitaka kitu kimoja kabla ya mmoja wetu kuingia kaburini: neno litoke kwake lije kwangu. Hata lingekuwa tusi ningelipokea, maana anayekutukana bado anakuona. Miaka ikapita. Mke wangu Maryamu, Msambaa wa Mkumbara, alinihimiza niende mwenyewe nikakae uani kwa Yordani bila kusema kitu mpaka achoke kuniona. Nilimjibu kwamba mambo hayaendi hivyo. Ukweli ni kwamba sikujua ningekaaje mahali bila kusema kitu.

Baada ya kustaafu nilianza kufundisha watu wazima katika ofisi ya kata, kila Alhamisi alasiri. Walikuwa kama ishirini: mama lishe, vijana wa bodaboda, mafundi cherehani wawili, na mzee mmoja mlinzi ambaye kazi yake ilikuwa kusinzia. Sikulipwa, na sikutaka kulipwa. Mwaka huu, juma la pili baada ya Pentekoste, ofisa wa elimu ya watu wazima alituma taarifa kwamba atakuja kutazama somo. Akiridhika, tungepata chumba chetu na vitabu. Nikachagua somo ninalolipenda kuliko yote, misingi ya mawasiliano. Nililala nikilipanga, nikaamka nikalichora kwenye karatasi ya manila: mtoa ujumbe, ujumbe wenyewe, njia unayopitia, mpokeaji, na mwisho mrejesho.

Maryamu alikuja na chai akainama juu ya karatasi.

"Baba Fransisko, huu mdomo ni wa mtu au wa mamba?"

"Huyo ndiye mtoa ujumbe."

"Na huyu mwenye masikio ya sungura?"

"Mpokeaji."

"Ahaa. Basi wewe ni huyu mamba."

"Ninyi Wasambaa mna maneno."

"Na ninyi Wazigua mna vichwa vya mawe. Kunywa chai, itapoa."

Saa nane na nusu, nikiwa nafunga vifungo vya koti, alibisha Leboo. Huyu alikuwa mfugaji Mmasai, mtu wa makamo, niliyemfahamu kwa sababu mwaka uliopita nilimsaidia yeye na wenzake kuandika barua ya kuomba josho la mifugo. Nilijua anaishi upande wa Handeni. Wapi hasa, sikuwahi kumuuliza. Alikuwa amekuja mara mbili kuulizia majibu ya barua ile, na mara zote mbili alinichukulia asubuhi nzima.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Leboo. Karibu, ila nina haraka."

Akaketi kwenye benchi, akaegemeza fimbo ukutani, akanyamaza kidogo kama anayepumzisha roho.

"Wazima hapa?"

"Wazima."

"Mama mzima?"

"Mzima, si huyo hapo?"

"Na watoto walio mbali?"

"Wote wazima, Leboo."

"Sisi pia wazima. Mimi nimetoka nyumbani jana, jua halijawaka. Mvua imenyesha upande mmoja, upande wa pili imekataa." Akanyamaza. Alikuwa anangoja niitikie. Nilikuwa nakunja ile karatasi ya manila isipate mikunjo. "Ng'ombe wanakula. Wawili wamezaa, dume mmoja, jike mmoja." Akanyamaza tena. "Njia ni nzuri. Nimelala kwa mtu wa ukoo wetu, yeye mguu unamuuma, lakini—"

"Leboo."

"Mzee."

"Kwa kifupi. Umekuja kwa ile barua ya josho?"

Alinitazama. Alikuwa na macho yenye subira, ya mtu aliyezoea kungoja mnyama anywe maji mpaka ashibe.

"Barua pia ipo," akasema.

"Majibu hayajatoka, yakitoka nitakuita. Habari nyingine ni njema?"

"Njema, mzee."

"Basi tutaongea kesho. Leo nina mgeni wa wilaya. Na nikufundishe jambo moja la bure, ndugu yangu: mtu mwenye ujumbe huanza na ujumbe. Ng'ombe watafuata nyuma."

Nilicheka. Yeye pia alitabasamu kwa adabu. Nilitoka nikamwacha kwenye benchi.

Somo lilikwenda vizuri kuliko lolote nililowahi kufundisha. Mama lishe mmoja alisimama akaeleza jinsi mteja anavyokwambia chakula hakina chumvi bila kufungua mdomo, na hata yule mlinzi aliamka akacheka. Ofisa aliandika sana. Tulipomaliza nilimsindikiza stendi. Tukapita mbele ya duka la Akber, na barazani alikuwapo Leboo. Aliponiona alisimama. Nilikuwa naeleza habari ya vitabu, sikutaka kukatiza. Nikainua mkono, nikamwambia kwa sauti, "Kesho, Leboo! Kesho!" Tukapita.

Niliporudi nyumbani Maryamu hakunipa pole ya kazi.

"Yule mtu alikaa hapa muda mrefu baada yako. Nimempa chai. Nikamwambia niachie mimi huo ujumbe, akasema hauachwi, unapewa mwenyewe."

"Ni josho hilo."

"Mtu alale njiani kwa ajili ya josho?"

"Wenzetu hao ndivyo walivyo. Atakuja kesho."

Kesho yake, Ijumaa, hakuja. Nilimngoja hadi adhuhuri, kisha nikaona ameghairi.

Jumamosi asubuhi, saa mbili, Grasiana akapiga simu.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo."

"Mvua?"

"Ipo kidogo. Mahindi yamesimama. Mama mdogo hajambo?"

"Hajambo, anafua. Na baba?"

"Tunamshukuru Mungu, sisi wote ni wazima. Ila baba ametuacha, alfajiri ya leo."

Nilikaa chini. Naikumbuka ndoo iliyokuwa karibu na mguu wangu na sabuni iliyokuwa ndani yake, lakini sikumbuki nilisema nini. Naye aliendelea kwa utaratibu, kama watu wanavyoendelea wanapoogopa kulia. Ugonjwa ulikuwa wa koo. Ulianza kabla ya Pasaka. Hospitali walimwambia wamechelewa. Sauti ilipungua siku hadi siku mpaka ikaisha kabisa.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Alikataza, baba mdogo. Alisema utaitwa, ila na yeye mwenyewe, na si kwa simu. Leboo hakufika kwako?"

"Leboo yupi?"

"Jirani yetu. Yule Mmasai anayenywesha kwenye lambo letu. Baba alimtuma Jumatano."

Maryamu alinikuta bado nimeshika simu sikioni. Ilikuwa imeshakatika.

Tulizika Jumapili. Nilishangazwa na wingi wa watu, wazee wa ukoo kutoka hata vijiji vya mbali, na wote walikuwa wamefika mapema mno kwa msiba wa siku moja. Sikuuliza sababu. Nilimtafuta Leboo kwa macho wakati wa maziko. Alisimama mbali, na shuka lake, akatupa udongo kama wengine, akaondoka.

Jumatatu nilimfuata lamboni. Ng'ombe wake walikuwa wanashuka kunywa. Nilimsalimu, nikakaa chini kwenye vumbi na koti langu, yeye akabaki amesimama.

"Leboo, nimekuja kuchukua ujumbe wangu."

"Ule umepita, mzee."

"Nipe hivyohivyo."

"Ule ulikuwa unataka jibu. Nikikupa sasa utanipa jibu. Nitalipeleka wapi?"

Ng'ombe mmoja alipanda tuta upande usiotakiwa, Leboo akamrudisha kwa mluzi.

"Kwa nini hukuniambia siku ile?" nikamuuliza. "Neno moja tu. Ungesema, nimetumwa na Yordani. Ningeacha kila kitu. Nakuapia."

"Ulikuwa umesimama, mzee. Unafunga koti. Neno la mtu anayekufa halipewi mtu aliyesimama. Mtu hukalishwa kwanza, anapewa mvua, anapewa ng'ombe, moyo unatulia, ndipo anapewa. Ukimpa ghafla unaweza kumuua." Alisema bila kunilaumu, kama anayemweleza mgeni njia. "Nilikusubiri dukani. Ukasema kesho. Yordani alikuwa hana kesho nyingi, nikaona nirudi nimwambie, atanituma tena."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia, Ernesti ni mzima, mke mzima, watoto wazima. Alikuwa na mgeni. Yordani akainua mkono, akaulaza."

Nikamwomba tena. Nadhani nililia, maana aligeuka akatazama mifugo yake kwa muda mrefu, kama watu wenye heshima wanavyofanya mwanamume mzee anapolia mbele yao. Kisha akaja akachuchumaa mbele yangu, akaweka fimbo chini.

"Wazima hapa?" akauliza.

Kaka yangu alikuwa na usiku mmoja tu kaburini. "Wazima," nikasema.

"Mama mzima?"

"Mzima."

Akaanza. Akanipa mvua ya upande mmoja, nikaitika. Akanipa ndama wawili, nikaitika. Akanipa njia, na daraja linalotengenezwa, na yule mtu wa ukoo wao mwenye mguu, ambaye sasa nilimsikia mpaka mwisho: alikanyaga mwiba, mwiba ukaoza ndani, wakautoa kwa kisu. Nikaitika. Ng'ombe walimaliza kunywa, wakasimama wakatungoja. Sikuwahi maishani mwangu kumsikiliza mtu kwa muda huo bila kutia neno langu.

"Basi Yordani akaniita, Jumanne usiku," akasema Leboo. "Sauti yake imekwisha, anasema kama mtu anayepuliza moto. Nikaweka sikio kwenye mdomo wake. Akasema, 'Nenda kwa Ernesti. Mwambie nina neno la kusema mbele ya watu kabla sijaondoka. Watu nimewaita Jumapili. Mimi sauti sina. Mwambie njoo unisemee.' Hapo ndipo habari yangu imefika."

"Neno gani hilo?"

"Hakunipa. Lilikuwa lako, ulichukue kwake."

Ndipo nikaelewa kwa nini watu walifika mapema. Yordani alikuwa amewaita Jumapili ileile. Walikuja kumsikiliza, wakamzika.

Siku mbili zile niliuliza kila niliyeweza. Grasiana alidhani ni habari ya shamba la chini, ambalo kaka zake wanaligombania. Katekista alidhani alitaka kutusamehe sote kwa jumla, kama wagonjwa wengi wanavyofanya. Mzee mmoja wa ukoo aliniambia usoni, "Labda alitaka kukusema wewe, na alitaka ujiseme kwa mdomo wako." Wengine wakacheka kidogo, wakaacha. Hakuna aliyejua. Alikuwa amemwekea mtu mmoja neno hilo.

Jumanne tulimaliza matanga. Sasa mimi ndiye mkubwa wa nyumba, na watu walipomaliza kula wakanigeukia. Nilisimama. Wapo waliokuwapo siku ya mama, niliziona nyuso zao, na niliona zilivyojiandaa kusikia hotuba.

Nikasema, "Kaka yangu alinituma nimsemee neno lake mbele yenu. Mjumbe alifika mpaka nyumbani kwangu. Sikukaa kumsikiliza. Kwa hiyo neno lake silijui, na sitawatungia."

Nilitaka kuendelea na shukrani, lakini nikakwama. Watu wakangoja. Bibi mmoja nyuma, mkubwa kiasi cha kutoogopa mtu, akasema kwa sauti ambayo hakuipunguza, "Huyu ndiye yule msomi? Hata kuaga watu hawezi?"

"Nyamaza, bibi," mtu akamwambia.

"Ninyamaze nini, mbuzi wangu wananingoja nyumbani!"

Mzee wa ukoo akainuka akawashukuru watu kwa maneno machache, akawataja wachimbaji, akawaruhusu. Wakaanza kukusanya masufuria. Grasiana alikuja akanishika mkono.

Kabla ya kupanda basi nilikwenda tena lamboni. Nilikuwa na swali moja lililobaki. Neno lile, njoo unisemee, aliyesamehe anaweza kulisema kwa ndugu yake, maana yake nimekuchagua wewe. Na aliyeumia anaweza kulisema vilevile, kukukumbusha siku ulipomnyang'anya. Maneno ni yaleyale. Tofauti iko usoni, katika macho na kona za mdomo. Hili nimelifundisha mara nyingi, nikiwaigizia wanafunzi wangu nyuso zote mbili wakacheka.

"Leboo," nikamuuliza, "alipolisema neno lile, uso wake ulikuwaje? Ulikuwa mkali, au ulikuwa umelainika?"

Alifikiri kweli, kama mtu anayetafuta mnyama mmoja katika kundi kubwa, na nikamwona anatamani kunipa nilichokitaka.

"Nilikuwa nimeweka sikio, mzee," akasema. "Uso sikuuona."